Aliyekuwa Upenuni

Watu wana mengi wanayoyaamini kuhusu kuuza nyumba, na mengi ni uongo. Mimi nimeuza nyumba moja tu maishani, ile ya Igogo, lakini inanitosha. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nitasema kama mdomo unavyonituma, na nikipotea njia mnisubiri, nitarudi.

Uongo wa kwanza ni kwamba nyumba inayoliona ziwa hujiuza yenyewe. Yetu ilikuwa juu kabisa, imekaa katikati ya majabali, ukifungua mlango ziwa lote liko mbele yako. Wateja walifika wakihema, wakalitazama ziwa kidogo, kisha wakauliza, "Maji mnapandishaje?" Na wengine, "Mgonjwa mnamshushaje?"

Hilo la mgonjwa ndilo lililotufanya tuuze. Magoti ya mke wangu yalikuwa yamekufa. Tangu masika yaliyopita hakuwahi kushuka ule mlima. Kliniki alikuwa anaikosa, misiba alikuwa anaisikia tu. Dada yake mkubwa alizikwa Buswelu, naye akabaki juu kule, amekaa na kanga kichwani, analia peke yake na kuku. Binti yetu yupo hukohuko Buswelu, mahali tambarare, alishatutengea chumba. Lakini mke wangu alisema hatoki mpaka nyumba ipate mwenyewe, tena mwenyewe atakayemwona kwa macho yake. Kuipangisha hataki. Kuifunga hataki. Nikasema ni ukaidi wa uzee. Na mimi ninao, lakini wangu ni wa chakula.

Nyumba ile niliijenga kwa mikono yangu. Kazi yangu ilikuwa kupasua mawe. Unakoka moto juu ya jabali, linapata joto mpaka ndani, halafu unalimwagia maji, linaachia. Na jabali lililopigwa moto halinyamazi upesi. Litalia hata kesho yake, ndani kwa ndani, kama mtu anayejinyoosha vidole. Nalisema hili mjue kwamba mimi si mtu wa kutishwa na mlio wa jiwe.

Basi tukampata dalali, kijana wa mjini mwenye viatu vyeupe, alivipandisha mlima kwa huruma kubwa. Akasema, "Mzee wangu, paka rangi. Nyumba ni bibi harusi."

Mke wangu akamjibu, "Na bibi harusi akinawa uso je?"

Nikapaka. Uongo wa pili huo, rangi. Jioni ileile wale wadudu wa ziwani wakapanda kama moshi, mnawajua, wakatua kwenye rangi mbichi wakanasa. Nyumba nzima ikawa kama imeota nywele. Isipokuwa sehemu moja, upande wa upenuni, chini karibu na ardhi, upana wa sinia. Pale hakuna hata mdudu mmoja. Peupe kabisa. Nilimwita mke wangu aje acheke. Hakucheka. Alijikokota na kigoda chake akakaa palepale, mgongo ukagusa ile sehemu nyeupe, na toka siku hiyo akawa hakai kwingine.

Dalali akaja na lake jingine, eti nyumba tupu huonekana kubwa. Tukatoa vitu, tukabakiza kitanda, kigoda na sufuria za kupikia. Ni kweli ilionekana kubwa. Lakini wateja wakaanza kunong'ona humo ndani kama wapo msibani, bila kuambiwa. Alikuja mfanyabiashara wa dagaa, mtu wa sauti, kicheko chake ulikisikia toka bondeni. Aliingia akicheka, akatoka anatembea kwa ncha za vidole.

"Mzee," akaniambia taratibu, "humo kuna mtoto amelala?"

"Watoto wetu wote wana ndevu," nikamwambia. "Na asiye na ndevu yupo Buswelu ana wajukuu."

"Basi nimesikia anapumua." Akashuka. Hakurudi.

Baada yake wakaja mume na mke vijana, mtoto yuko mgongoni kwa mama. Mtoto yule alilia njia nzima, tuliwasikia wakipanda naye. Walipofika upenuni akanyamaza. Akageuza shingo akatazama chini, pembeni ya kigoda cha mke wangu, akacheka, akanyoosha mkono kama wanavyonyoosheana watoto kwa watoto. Lilikuwa jua kali la saa saba, hakuna kivuli. Yule mama akaikaza kanga yake, akaondoka bila kuaga.

Maneno yakashuka mlima kabla yetu. Jirani wa chini akawa ananiuliza kisimani, "Mmefuga nini kule juu, mzee? Chatu?" Nikamwambia ndiyo, na tunamlisha majirani. Tukacheka. Lakini nilipokuwa napanda na ndoo yangu sikuwa nacheka.

Siku moja dalali akanivuta kando. "Mzee wangu, wateja wakija tumpeleke bibi kwa jirani. Anawatisha. Kila mama anayekuja anamshika mkono na kumhoji maneno ya uzazi. Sheria ya kuuza ni moja tu: kasoro husemi."

Maneno ya uzazi? Mimi sikuwa na habari. Wateja wakija mimi nilikuwa nashughulika na wanaume, nawaonyesha msingi.

Kwa hiyo siku iliyofuata nikakaa karibu. Akaja mama wa makamo, muuza vitenge wa mjini, peke yake. Hata ziwa hakulitazama. Alimwendea mke wangu moja kwa moja, akapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umezaa?"

"Nimezaa, mama."

"Wote wapo?"

Dalali akaanza kukohoa.

"Mmoja hayupo," yule mama akasema. "Alilazwa upenuni kwa mama mkwe wangu, Ukerewe. Walimlaza wanawake. Baba yake mpaka leo hajui ni wapi."

"Basi kaa chini," mke wangu akamwambia. "Wa kwangu yupo hapa nilipokaa."

Hapa lazima nisimame niwaeleze, maana vijana wa leo hawajui. Kwa watu wa kwetu, mtoto aliyekufa kabla hajatolewa nje kuoneshwa jua habebwi makaburini. Wanawake humlaza upenuni, pale maji ya mvua yanapodondokea, apate ubaridi. Wanaume hawaambiwi, na mwanamume hulka yake asiulize. Wetu alipozaliwa mimi nilikuwa ng'ambo, Sengerema, kwenye mawe. Niliporudi mama yangu akaniambia neno moja, "Hakukaa." Sikuuliza. Nikadhani walimlaza kwingine, nikajenga choo, nikapanga kuni, nikaishi. Wa kiume au wa kike, sikujua.

Mke wangu akaendelea kama mimi sipo. "Ukinunua, hapa usimwage saruji. Hilo tu. Waliotangulia wote niliwaambia, wakakimbia."

"Bibi, unaua biashara!" dalali akalalamika.

"We kijana," yule mama akamwambia, "nenda kalitazame ziwa."

Kisha yule mama akaweka kiganja kwenye udongo. Akanitazama, akanionyesha kwa macho niweke na mimi. Udongo wa kule juu saa saba unaunguza nyayo, mnajua. Pale palikuwa baridi, na unyevu, na mvua hatukuwa tumeiona muda mrefu.

"Nitanunua," akasema. "Lakini mama, na yeye anataka kubaki?"

Mke wangu akaupapasa udongo. "Sijamuuliza."

"Muulize. Mimi wa kwangu sikumuuliza."

Mwenyekiti wa mtaa akaja kushuhudia. Watu wengi hudhani nyumba ni ya mwanamume aliyeijenga, atauza akitaka. Uongo mwingine. Mwenyekiti mimi hakunijali, alimgeukia mke wangu: "Mama, umeridhia?"

"Nimeridhia. Wa pili ataamua njiani."

Mwenyekiti akanitazama, akacheka, akadhani nasemwa mimi.

Siku ya kushuka walikuja wanaume wanne, wakafunga kiti kwenye miti. Mke wangu akamwaga maji kidogo upenuni, akasema maneno ambayo sikuyasikia na sikuyauliza. Wakamwinua. Mmoja wa wabebaji akawa anamtania, "Bibi, wewe mwepesi hivi, tumebeba kuku?" Naye anajibu, "Kuku hatukani, subiri." Mimi nikawa wa mwisho.

Tulipofika pale penye uchochoro wa majabali mawili, akasema, "Simameni."

"Bibi, mabega!"

"Simameni. Mwenzetu bado."

Wakasimama. Upepo haukuwapo. Hata watu wa kisimani bondeni wakawa kimya, sijui kwa nini. Nyuma yangu nikasikia vijiwe vinaporomoka, vidogo, kidogo kidogo, kama anavyoshuka mtoto asiyejua kutembea, kwa kukaa. Nilishawaambia naijua milio ya mawe. Ile haikuwa ya jiwe. Shingo yangu ilikataa kugeuka. Wale wabebaji wote walitazama mbele, na yule mtani jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni.

Vile vijiwe vikasimama pale penye utelezi, pale ambapo hata mimi hushika ukuta wa jabali. Mke wangu alikuwa ananitazama mimi.

Nikasema bila kugeuka, "Shika jiwe la upande huo, mwanangu. Taratibu. Baba yako yuko hapa."

Kitu kidogo kikanipita karibu na goti, baridi kama maji ya mtungi. Mke wangu akafungua mikono yake juu ya mapaja, akaifunga tena.

"Haya," akasema. "Twendeni."

Wakainua kiti, na wote wanne wakaguna kwa uzito.