Kadi ya Mjukuu Chini ya Godoro

Mama alimaliza sahani ya wali na mchuzi wa uduvi, akanawa, akaenda zake barazani kwa jirani. Haikupita robo saa nikamsikia: "Tangu jana sijatia kitu mdomoni. Huyu mwanangu ananinyima."

Jirani akaguna. Heri angenitukana. Nikatoka na sahani mkononi, punje zimeikaukia, nikamwonyesha kama ushahidi wa mahakamani.

"Hiyo kala nani?" Mama akauliza.

"Umekula wewe, mama."

"Mimi? Basi tumbo langu halina habari."

Jirani akacheka. Na mimi nusura nicheke, lakini hasira ilikuwa imenishika, siwezi kuandika kwamba haikuwepo.

Wiki ile nilikuwa nimempeleka hospitali. Nesi aliuliza mambo mengi ya sasa, kisha akauliza la zamani: "Bibi alikua vizuri utotoni?" Habari hiyo naijua, maana mama mwenyewe alikuwa akitusimulia kabla hajaanza kusahau. Alizaliwa huko delta, mwaka ambao maji ya mto yalibeba mpunga. Hajaanza kutembea, mama yake akashika mimba nyingine, naye akatolewa ziwa. Akasinyaa. Watu wakasema kabemendwa, yaani wazazi hawakusubiri amalize kunyonya wakakutana, na uchafu wao ukamwingia mtoto. Ndivyo tunavyosema kwetu mpaka leo. Alitembea akiwa na miaka mitatu, na mpaka sasa ni mfupi, kwenye ngoma za harusi tunamweka mbele ili aone.

Nesi akanieleza kwamba mtoto asipokua vizuri miaka ya mwanzo, ubongo nao hukosa fungu lake, na uzeeni anaweza kuwa kwenye hatari zaidi ya kusahau. "Sisemi ndiyo sababu, mama. Kuna umri, kuna presha, kuna mengi. Wapo waliodumaa na akili zao timamu mpaka wanazikwa." Nimeyaandika hivyo hivyo kwenye daftari nisije nikamsingizia. Huenda nimekosea pahala, mimi nimeishia darasa la saba.

Kilichoniudhi ni kwamba hakuna kidonge cha kurudi kwenye mafuriko yale. Nikamuuliza, sasa nifanye nini? Akasema tuangalie presha yake, na kwangu uvumilivu. Kisha akauliza, "Nyumbani una mtoto mdogo?"

Nikasema hapana.

Nilidanganya. Mjukuu yupo, ana miezi kumi na minne. Mama yake, binti yangu, anauza korosho na mihogo ya kukaanga barabarani Bungu, na ana mimba ya miezi minne. Alimwachisha ziwa siku alipoijua mimba, akaniletea. Miezi mitatu hajapimwa uzito. "Usimpeleke pale kliniki, mama," aliniambia. "Wale wanawake wa kwenye foleni wanajua kuhesabu miezi." Simtupii yeye lawama zote. Aliyeichukua kadi ya kliniki akaisukuma chini ya godoro ni mimi. Sikutaka mtu aseme binti yangu kambemenda mwanawe.

Sasa siku ile ya sahani, nilipomrudisha mama nyumbani, niliingia jikoni. Kutoka, namkuta kakaa mkekani na mjukuu, anamlisha ukoko alioufunga kwenye pindo la kanga.

"Kula," anamwambia. "Wamekutoa ziwa, eti? Na mimi walinitoa."

Jina langu alikuwa kalisahau juzi. Hilo hakulisahau.

Asubuhi nikaitoa kadi. Kwenye foleni ya kliniki mwanamke mmoja akamwangalia mtoto, akaniangalia na mimi. "Bibi, mama yake yuko wapi? Mbona kasinyaa hivi?"

"Yuko Bungu, ana mimba," nikasema. "Na kadi nimeificha mimi."

Walimning'iniza kwenye mizani akalia. Nesi wa pale akatia nukta kwenye kadi, ikaangukia chini ya mstari wa uzito unaotakiwa. Nikamuuliza kwa sauti ndogo kama kabemendwa. Akasema, "Hakuna cha kubemendwa. Huyu kapungukiwa chakula. Hata mimba haiharibu maziwa." Akanitajia uji wa karanga, mayai, uduvi wa kusaga, mara kwa mara. Uduvi ninao ndani mwaka mzima. Nilirudi nimechukia, na sijui nilimchukia nani. Bibi yangu hakuwa na mpunga. Mimi mchele ninao, nilichokaa nalinda ni aibu.

Nilipompigia binti yangu kumweleza niliyoyasema kwenye foleni, alisema, "Umenivua nguo, mama," akakata simu. Labda ana haki. Ningemwambia kwanza.

Uji napika mara tatu kwa siku. Mama akimaliza wake anamwambia jirani hajala, nami namwongeza kidogo. Sahani siku hizi sionyeshi mtu. Bado naudhika, ila naudhika nikiwa nakoroga.

Kadi nimeitundika kwenye msumari karibu na mlango. Ijumaa binti yangu alikuja, akambeba mwanawe kutwa nzima bila kusema na mimi, na kabla ya kuondoka akaigeuza kadi ielekee ukutani. Alipofika barabarani nikaigeuza tena. Siku ya kupima ni Jumanne, na akija tena itabidi aione kadi na nukta yake mpya.