Kitanda Kilichokatwa Matendegu

Kaka yangu aliponitaka niseme hapana, nilikubali. Natamani ningemkatalia, na safari hii imetokana na kule kukubali.

Dama, binti yangu wa pili, alikuwa na miaka tisa alipoanza kuanguka. Kwetu Kibarani, pale Kilifi, wengi waliuita ugonjwa ule nyuni, pepo mwenye sura ya ndege, na nyuni huogopwa. Mimi ni seremala. Nilichukua msumeno nikayakata matendegu ya kitanda chake, ile miguu yote minne, ili akianguka asianguke kutoka juu. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Siku hizo watu wa kituo cha utafiti wa magonjwa ya ubongo walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakiuliza kama kuna mtu mwenye kifafa. Binti yangu mkubwa alikuwa ameposwa, na kaka yangu Ngala akanijia mbio. “Charo, wakija sema hakuna. Wakwe wakisikia, posa imevunjika.”

Nyumba ilikuwa yangu na mdomo ulikuwa wangu. Hodi ilipopigwa nilitoka nikamwambia muuguzi, “Hapa hakuna.” Dama alikuwa nyuma ya mlango, ananisikia.

Ilipita miaka sita. Mwishowe mjomba wake, ndugu wa mama yake, alikuja akamchukua, akampeleka kliniki yeye mwenyewe. Alianza dawa na kuanguka kukakoma. Hakurudi kuishi kwangu.

Mwaka huu kituo kilipotafuta watu wa kawaida wa kufunzwa na kuandamana na wauguzi hadi kisiwani, mbele ya Ngomeni, nilikwenda mwenyewe, jina langu likaandikwa la kwanza.

“Mzee Charo, unajua kupiga hodi kwa watu?” aliniuliza Rehema, muuguzi anayetufunza.

“Najua zaidi kuifungia mlango,” nikamjibu. Akacheka. Alidhani natania.

Alfajiri ya Jumanne gari la kituo lilinikuta nimeshasimama barabarani kitambo, shati nimelipiga pasi mara mbili. Nimezaliwa pwani, nimefika miaka sitini na tisa, na sikuwa nimepata kupanda boti hata siku moja! Tulipoipita njia panda ya Dabaso nilitazama upande wa mikoko, ambako Dama anafanya kazi katika mkahawa wa wenyeji.

Malindi tulimchukua Mama Zawadi wa Kisumu Ndogo, mwenzangu katika mafunzo, mwuza mahamri. Aliingia na ndoo nzima. Aliponiona alisimama mlangoni, akamgeukia Rehema.

“Sista, na huyu babu naye? Tukifika huko tutabeba mashine ama tutambeba yeye?”

“Nibebeni mimi,” nikasema. “Mashine haijui kupiga gumzo.”

“Haya, chukua hamri ufunge huo mdomo.”

Nikachukua mawili. Tulivuka daraja la Sabaki, tukaipita Mambrui misikiti yake ikiwa imeng’aa kwa jua la asubuhi, na kufika Gongoni nikamwomba dereva apunguze mwendo. Chumvi! Chumvi imerundikwa vilima vyeupe, mtu amesimama juu yake na sepetu anaonekana kama sisimizi kwenye sukari. Miaka yote naitia kwenye mchuzi, na sikuwahi kujiuliza inatoka wapi.

Ngomeni boti ya mashine ilikuwa inatungoja. Rehema aliipakata ile mashine ya kusoma umeme wa ubongo, imefungwa nailoni tabaka tatu, kama mtu aliyepakata mtoto wa siku saba. Mimi nilishika ubao kwa mikono yote miwili. Wimbi la kwanza liliponirushia maji usoni nilipiga kelele, na sikuona haya. Ilikuwa kelele ya furaha.

Adhuhuri tulifika kisiwani. Hakuna daktari pale. Mgonjwa husubiri maji yajae ndipo avushwe. Ndiyo maana kituo kilitaka wenyeji wenyewe wafunzwe, na alasiri darasa la shule likajaa hadi madirishani. Rehema alitufundisha, sisi na wao pamoja. Mtu akianguka mlaze ubavu. Usimtie kitu mdomoni, si kijiko, si kidole. Usimkandamize. Tazama saa. Kisha kumbuka ulichokiona, mkono gani ulianza, macho yalielekea wapi.

“Daktari hayupo mtu anapoanguka,” alisema. “Macho yake ni nyinyi. Mkificha, na yeye amekuwa kipofu.”

Nilitazama chini.

Kisha alihitaji kichwa cha kuonyeshea mashine. Watu walitazamana. Nikasimama.

“Mwenyezi Mungu ni mwema,” akasema Mama Zawadi, “hicho hata kunyolewa hakitaki!”

Darasa zima likaangua kicheko. Nilipakwa mafuta mazito kama uji, nikabandikwa nyaya kutoka utosini hadi masikioni, na mistari ikaanza kukimbia kwenye kioo. Nilipofumba macho ilibadilika, nilipofumbua ikabadilika tena. Ubongo wangu mimi, seremala wa Kibarani! Bibi mmoja wa kisiwani alisogea karibu akauliza, “Yaonyesha na mawazo yake?”

“La, bibi, ni umeme tu. Mawazo hubaki na mwenyewe.”

Nilishukuru kusikia hivyo.

Asubuhi ya pili tulianza kupiga hodi. Nyumba ya nne ilikuwa ya Bwana Athumani, mwuza kaa, mtu wa umri wa hamsini hivi. Alitukaribisha barazani kwa heshima. Rehema alimsomea karatasi ya utafiti, akamweleza kwamba kujibu ni hiari na kwamba siri ni siri. Kisha akauliza.

“Hapa, alhamdulillahi, sote wazima,” akasema Athumani.

Alisema upesi. Ule upesi niliujua. Rehema alikunja karatasi yake, maana tumefunzwa tusimsukume mtu. Mimi nikaomba maji ya kunywa. Mlango ulipofunguliwa niletewe kata ya maji, nilikiona kitanda kule ndani. Kiko chini, karibu kugusa sakafu, na mikato ya msumeno bado ni myeupe.

“Bwana Athumani,” nikasema, “mimi ni seremala. Kitanda kile kimepatwa na nini?”

“Mchwa.”

“Mchwa hawakati matendegu manne sawasawa.”

Rehema alinikazia macho, na alikuwa na haki. Athumani aliinuka. Nikaona ya kwamba nisipotumia ulimi wangu vizuri sasa, mtu aliye nyuma ya ule mlango atangoja miaka kama alivyongoja Dama.

“Keti, ndugu yangu,” nikasema. “Sikuulizi tena. Nakueleza yangu. Mimi nilikata cha binti yangu kwa msumeno wangu, kisha nikatoka nje nikawaambia wauguzi hapa hakuna. Mwanangu alikuwa nyuma ya mlango. Alikaa miaka sita bila dawa kwa sababu ya neno langu moja. Nilisema vile kuilinda posa ya dadake. Baadaye wakwe walikuja kujua yote, na hawakujali.”

Athumani alikuwa ameketi tena.

“Yu wapi sasa huyo bintiyo?”

“Yuko Dabaso. Anafanya kazi yake. Hajaanguka miaka mingi.”

“Dawa tu?”

“Dawa tu, kila siku.”

“Na wewe wamwona?”

“Kesho tutapita pale,” nikasema. Halikuwa jibu kamili.

Alifikicha magoti yake, akageuza uso kuelekea ndani. “Mwanaidi! Njoo, mamaangu. Una wageni.”

Akatoka msichana wa miaka kama kumi na mitano, kanga kichwani, akamsalimia kila mmoja wetu shikamoo. Rehema alipomwuliza huanguka vipi, babake alifungua kinywa, lakini Mwanaidi akamtangulia. Alieleza mwenyewe, harufu inayomjia kwanza, mkono wa kushoto, giza. Alipofungwa nyaya alisema, “Leo mimi ndiye kaa niliyenaswa,” na babake akacheka huku machozi yanamtoka. Kabla hatujaondoka alikuwa na dawa yake mkononi na siku ya kuonwa tena. Mimi nilitembea hadi nyumba ya tano kama kijana.

Siku ya tatu, tukirudi, niliomba tule chakula cha mchana Dabaso. Mkahawa uko juu ya mikoko, maji yanapita chini ya mbao. Dama alikuja na sinia.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu.” Nikaanza kumwaga habari zote, boti, chumvi, nyaya, Mwanaidi na babake. Alisikiliza amesimama, sinia mkononi.

“Huyo babake, ulimweleza kuhusu kitanda changu?”

“Nilimweleza.”

“Na hodi?”

“Na hodi.”

“Mmefanya vyema.” Akaweka sahani moja moja mbele yetu. Kisha akasema, kwa upole kabisa, “Naolewa baada ya Pasaka. Mjomba ndiye atakayenitoa kanisani, nimeshamwambia mchungaji. Nawe uje, mzee. Nitakuwekea nafasi kwa wageni.”

“Nitakuja,” nikasema.

Katika safari hii nimejifunza kumlaza mtu ubavu, na kutazama saa badala ya kukimbia. Nimejifunza pia kwamba aliyeficha anajua wanapoficha wengine, na ujuzi huo usikae bure. Wiki ijayo nitapiga hodi tena. Lakini gharama ya neno langu naijua. Nina mabinti wawili. Mmoja nilimwoza mwenyewe. Wa pili ataozwa na mjomba wake, na mimi nitaketi na wageni.