Siku Darasa Zima Lilipokuwa na Baba Mmoja

Kuna siku moja ambayo haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, na nimeishi miaka kumi na saba, kwa hivyo nina mengi ya kukumbuka.

Usicheke nikikuita mwanangu. Wewe ni Grade Ten, mimi ni kidato cha nne cha mfumo wa zamani, 8-4-4. Tukimaliza sisi na wale wa kidato cha tatu, kabila letu limekwisha duniani. Kama mimi si mzee, mzee ni nani? Basi keti, na hiyo simu unayoificha ndani ya soksi uizime. Mimi ndiye niliyegundua hiyo soksi.

Umechagua Kifaransa hapa shuleni kwetu Ruiru, na nasikia umeanza kunung'unika. Ati Madam Nyokabi hatoi notes. Ati kila siku ni michezo. Nakuelewa kabisa. Nilipokuwa kidato cha pili nilinung'unika kukuzidi, tena kwa ustadi. Mwalimu aliyemtangulia alikuwa anajaza ubao na vitenzi kutoka juu hadi chini, sisi tunaviimba kama kwaya, kengele inalia, tunaenda nyumbani tukiwa wasomi. Halafu akaja huyu Madam na makadi yake. Siku ya kwanza alituketisha wawili wawili, migongo ikigusana. Mmoja ana ramani ya mji isiyo na majina, mwenzake ana majina bila ramani. Muongee Kifaransa mpaka ramani ijae, na ole wako ugeuke kuchungulia. Ukikosea hakukatizi. Anakuacha umalize, kisha anakuuliza kitu kingine ili uwe na sababu ya kusema tena.

Mimi nilikuwa namwigiza vile anatembea katikati ya madawati akiwa ameweka mkono sikioni. Darasa lilikuwa linaanguka kwa kicheko. Lakini nikwambie siri ya wazee: nililipenda lile somo, ingawa singekubali kusema hivyo hata mbele ya mahakama.

Sasa, tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja tu, na kelele yetu ilikuwa ya watu mia. Mwalimu mkuu akachoka. Akatangaza kwamba atamwalika mgeni kutoka Thika, mwalimu mstaafu aliyezaliwa Togo, anayeishi mtaa wa Landless na mumewe. Anaitwa Mama Afi. Atamsikiliza kila mmoja wetu akijieleza. Akiona hatuwezi kuongea, muhula ujao Kifaransa kinafungwa, sisi tunapelekwa Agriculture, na Madam Nyokabi atafute shule nyingine.

Madam alituambia jambo moja tu: "Msikariri. Ongeeni vile mnaongea na mimi."

Mwanangu, hapo ndipo nilipoingiza ujuaji. Nilijiambia, huyu Madam atafukuzwa kwa sababu ya hii imani yake. Mtihani ni mtihani, mtu hukariri. Basi nikaandika ukurasa mmoja wa Kifaransa safi, kila kitenzi kimepigwa pasi. Naitwa Njoroge. Baba yangu ni daktari mjini Thika. Mama ni muuguzi. Tuna mbwa mkubwa anaitwa Bruno. Jumapili tunaenda kutazama maporomoko ya Chania na kula samaki. Nikawatolea wenzangu kumi nakala, nikawaonya: "Kila mtu abadilishe ya kwake, sawa?"

"Sawa, Njoro!"

Unajua walichobadilisha? Hakuna.

Siku yenyewe Mama Afi aliketi maktaba, kitambaa cha manjano kichwani, Madam Nyokabi pembeni yake. Sisi tulijipanga nje chini ya dirisha, tukisikia yote. Wa kwanza akaingia. Baba daktari, mbwa Bruno. Safi. Wa pili akaingia. Baba daktari, mbwa Bruno. Wa tatu alikuwa Wangeci, msichana mpole kabisa, na kwa uoga wake akasema kwa sauti ya kusoma risala, "Naitwa Njoroge."

"Haiya!" Mutua, aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, akaninong'onezea. "Mse, umezaliwa upya."

Wa nne alipoanza na daktari, Mama Afi akamkatiza taratibu. Nakutafsiria kwa hisani yangu: alimuuliza, "Huyo Bruno anakula nini?"

Halafu yule kijana akajibu, "Ndiyo. Jumapili tunaenda Chania."

Hatukucheka, mwanangu. Watu wazima hawacheki wakiona nyumba yao ikiungua.

Madam Nyokabi akatoka nje. Hakuuliza ni nani. Alinitazama mimi moja kwa moja, kwa sababu vitenzi vyangu alikuwa anavijua.

"Njoro, ni wewe?"

"Ni mimi, Madam. Nilikuwa nataka kukuokoa."

Nilingoja kelele, lakini aliongea polepole. "Mimi nimewafundisha kuongea miezi sita. Wewe kwa karatasi moja umewanyamazisha. Ingia. Ni zamu yako."

Niliingia. Mama Afi akanitazama juu ya miwani. "Wacha nikisie," akasema kwa Kifaransa. "Baba ni daktari."

Ile sentensi ilikuwa tayari mdomoni. Ningeitema tu. Lakini nilimwona Madam huko nje kupitia dirisha, ameweka mkono sikioni vile huwa anafanya akitusikiliza, na hapo nikajua sina hamu ya kumwigiza tena. Nikasema, "Hapana. Baba si daktari. Mimi, mimi kuandika uongo. Watu wote kusema uongo wangu."

Ndivyo nilivyosema hasa. Vitenzi vilikuwa vimelala kila mahali kama watu wa matanga.

"Basi baba yako anafanya kazi gani?"

Nikamwambia anatengeneza sufuria na majiko hapa Gitothua. Sikujua neno la kutengeneza, nikaonyesha kwa ngumi kugonga meza. Akainama mbele. "Sufuria inayovuja, anaifanyaje? Nina moja nyumbani, nilikuja nayo kutoka kwetu. Nimeambiwa niitupe."

Mwanangu, huyo mama alikuwa hajui, na alikuwa anataka kujua. Mimi nilikuwa najua. Nikasahau kama kuna mtihani. Nikachukua kofia yangu ya sweta nikaigeuza sufuria: hapa chini kumechakaa, baba anakata, anachukua bati jipya, anakunja ukingo hivi, anagonga akizunguka, anagonga tena, anajaza maji kuona kama yanapita. Nilikosa maneno ishirini, nikayazunguka yote. Nisipoelewa swali nilimwambia arudie, naye alirudia. Akauliza kama baba ananifundisha hiyo kazi, nikajibu kwamba nikiharibu ananiita daktari. Alicheka hadi miwani ikamtoka.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema kazi ya baba yangu mbele ya mgeni bila kuangalia chini. Tena kwa Kifaransa!

Mama Afi akaita wote, waliotangulia na waliobaki nje, waingie. "Hizo karatasi, leteni hapa," akasema, akazikalia. Kisha akauliza kila mtu jambo la kwao. Wangeci akamweleza jinsi ya kusuka nywele, akitumia kichwa cha Mutua. Mwalimu mkuu alikuja kuona kelele ni ya nini, akabaki mlangoni.

"Wanakosea sana," Mama Afi akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Lakini hawa naongea nao mpaka jioni. Wacha hii darasa ikae."

Ndiyo maana lipo, na ndiyo maana leo umeketi ndani yake ukilalamika. Na sufuria yenyewe ililetwa Gitothua Jumamosi iliyofuata. Baba upande mmoja, Mama Afi upande mwingine, mimi katikati nikipeleka maneno huku na kule kama balozi. Baba aliwaita majirani watatu waje wasikie.

Basi nasaha yangu ni hii. Makadi ya Madam yashike kwa mikono miwili. Vitenzi visome, sikukatazi, mimi mwenyewe bado navisoma, lakini usijifiche nyuma yake. Usiazime baba wa mtu ili sentensi ipendeze. Usipoelewa, sema hujaelewa, na uulize tena bila haya. Neno likikosekana, tumia mikono, tumia kofia, tumia kichwa cha Mutua.

Nenda sasa, kengele imelia. Mungu akuwekee njiani mtu asiyejua jambo unalolijua wewe, akuulize kwa hamu ya kweli, nawe ufungue mdomo wako umjibu.