Mguu Usiotaka Kuuma

Moshi wa miti ya pamba una harufu yake. Si ule wa kuni za jikoni, wala wa nyasi za kiangazi. Ni mkavu, mchungu kidogo, unakwama kooni na kukaa kwenye nguo mpaka zifuliwe mara mbili. Siku hizi pamba hailimwi tena kwetu Baraka kama zamani, lakini mtu akichoma takataka za shamba mahali fulani, na upepo ukaniletea harufu inayofanana na ile, mimi huketi chini, nikavua kiatu cha kushoto na kuutazama unyayo wangu. Wajukuu hunicheka. Wanasema koko, yaani bibi yao, anahesabu vidole aone kama kuna kilichoibiwa. Wacheke tu. Viwili viliibiwa kweli.

Ninayotaka kuwasimulia ni ya miaka ya hamsini, enzi za Wabelgiji, nilipokuwa msichana wa miaka tisa au kumi hivi, mwenye miguu myembamba na kichwa kigumu. Tulikaa karibu na ziwa, mimi, mama, na mdogo wangu Bahati aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Baba alikuwa kazini Albertville, mbali kusini, na sura yake nilishaanza kuisahau. Kiangazi kimoja nilikanyaga jembe lililoachwa kwenye matuta ya muhogo, likanikata chini ya unyayo wa kushoto. Lilikuwa jeraha dogo, la kupona lenyewe. Halikupona. Likawa kidonda, kidonda kikawa shimo, na mwaka ukageuka mama bado analiosha kila jioni kwa maji ya chumvi.

Wakati ule kidonda kisichopona hakikuwa jambo la kuzungumza mbele za watu. Juu milimani, kupita Fizi, kulikuwa na kambi ya wagonjwa wa ukoma. Waganga wa serikali walipita vijijini, wakawapanga watu mstari na kuwakagua ngozi, na aliyekutwa na alama alipelekwa huko. Kaka yake mama alipelekwa mama akiwa bado msichana, na hakurudi. Siku waganga walipofika kwetu, mama alinituma shambani mapema, akaniambia nisirudi mpaka jua lielekee kuzama. Hapo nilijua kwamba kuna kitu ndani ya mguu wangu kinachoweza kunitoa nyumbani. Nikafikiri kwa akili yangu ya kitoto kwamba nikiweza kukimbia kama wenzangu, hakuna atakayeuliza. Basi nikakimbia.

Wavulana walikuwa na mpira wao wa majani makavu ya migomba. Sisi wasichana hatukupewa muda wa kucheza, tuliuiba. Mama zetu walipotutuma kuni vilimani, tuligeuza njia nzima kuwa mashindano. Kiongozi wa uhuni ule alikuwa Zaina, jirani yangu, binti wa familia ya Kiislamu iliyokuwa ikianika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, mchangani. Alikuwa na sauti ya kuamsha kijiji na mkono mwepesi wa kupiga, na sheria zote alizitunga yeye. Mchezo mkubwa ulikuwa wa maji. Kila mmoja alichota maji ya ziwa kwa kinywa, akafunga midomo, kisha tukapanda mbio mpaka kwenye jiwe kubwa mgongoni mwa kilima. Ukifika, unayatema juu ya jiwe. Aliyemeza ametoka. Aliyecheka ametoka. Aliyesema "aa" kwa sababu ya mwiba ametoka pia. Mshindi hakubeba kuni siku ile. Walioshindwa waligawana mzigo wake wakimtukana njia nzima.

Kinywa kikijaa maji huwezi kulalamika, na mimi nilikuwa sina la kulalamikia. Wenzangu walipanda macho yametoka, changarawe zikiwachoma. Siku moja Zaina alijikwaa, maji yakamtoka puani, tukacheka wote tukashindwa wote. Lakini siku nyingi niliyefika kwanza ni mimi. Mguu ulikuwa umeanza kuburuta, unyayo unapiga chini pa, pa, kama kofi, nami niliufunga kwa kitambaa na kamba ya mgomba ili usinicheleweshe. Nilipofika jiweni kitambaa kilikuwa kimelowa.

"We Feza," Zaina aliniambia siku moja, akionyesha njia tuliyopanda, "uko naacha damu sawa mbuzi ya sikukuu! Hausikie?"

"Sisikie kitu," nikasema, na nikajivuna.

Ndivyo nilivyopata jina langu, Muguu ya Chuma. Mchana wa jua kali tulisimama kwenye mchanga uliochomwa na jua, tuone nani atakuwa wa mwisho kukimbilia majini. Wa mwisho nilikuwa mimi. Tulivuka mto kwa kukanyaga mawe makali, mimi sikuchagua jiwe. Nilikuwa mtoto wa mama maskini, baba hayupo, gauni moja. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu ambacho wenzangu walikitamani. Nilikipenda kile kitu. Nilikipenda sana.

Jioni mama aliketi kwenye kigoda, akaweka mguu wangu juu ya paja lake na kuuosha. Kila jioni aliuliza neno lilelile.

"Iko nauma?"

"Hapana, mama. Haiume."

Akaminya pembeni mwa kidonda kwa kidole gumba. "Na hapa?"

"Hata!"

Nilisema kwa sauti kubwa, nikitabasamu, maana nilidhani ananipima ujasiri. Nyumba ya pili Zaina alipooshwa kijeraha cha kucha alipiga kelele mtaa mzima ukasikia, akala kofi, halafu akapewa karanga za kumnyamazisha. Nilimdharau. Nilimwonea mama huruma pia, kwamba hana karanga za kunipa mimi ninayejikaza vizuri kuliko wote. Mama alifunga kitambaa, akamwaga maji nyuma ya nyumba, akakawia huko kuliko inavyohitaji kumwaga maji.

Ikaja siku ya miti ya pamba. Mavuno yalipokwisha, serikali iliamuru kila mwenye shamba ang'oe miti yote ya pamba na kuichoma, ili wadudu wasibaki. Asiyechoma alijua litakalompata. Kwa siku kadhaa nchi nzima ya huku chini ilifuka moshi. Tulikuwa tunarudi na kuni, tukafika kwenye shamba lililochomwa jana yake. Majivu yalikuwa meupe, yametulia, ukiyatazama unadhani unga umemwagika. Zaina akatua mzigo.

"Leo tunakata katikati," akasema. "Mwenye kuzunguka, iko muoga."

Tukaanza mbio. Pembeni majivu yalikuwa ya baridi kweli. Kabla ya katikati nikasikia wenzangu wanaruka na kupiga kelele, mmoja baada ya mwingine, wanakimbilia nje. Chini ya majivu mashina yalikuwa bado yanawaka. Mimi nilikwenda moja kwa moja na ule mguu wangu wa kuburuta. Nikasimama katikati kabisa ya shamba, uzito wote juu ya mguu wa kushoto, nikainua mikono, nikawacheka.

Kwanza ilibadilika harufu. Ile ya pamba iliingiwa na nyingine, ya nyama. Zaina aliacha kucheka kabla yangu.

"Feza, toka! Toka mu moto! Muguu yako iko naungua!"

Nikainama kuutazama. Kitambaa kilikuwa kinafuka, na chini yake niliona kitu ambacho sitakieleza, kwa maana nanyi mna chakula cha kula leo. Niliutazama kama mguu wa mtu mwingine. Zaina aliingia mle motoni akanivuta kwa mkono, akaungua mwenyewe, na kilio alichopiga nakisikia mpaka leo. Alilia yeye, mimi sikulia. Tulirudi nyumbani ananiegemea, mimi ninayepaswa kubebwa, na kwa kweli moyoni nilikuwa nashangilia.

"Mama," nilisema kabla sijavuka mlango, "Zaina aliungua kidogo tu, akalia. Mi sikulia!"

Mama hakunipiga. Aliketi sakafuni palepale alipokuwa amesimama. Akaushika mguu kwa mikono miwili na kuanza kubonyeza, kisiginoni, ubavuni, kwenye vidole, juu ya kifundo, kila mahali akiuliza kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

"Iko nauma hapa? Na hapa? Feza, na hapa?"

"Hapana, mama. Hapana. Hata."

Akaanza kulia bila sauti. Mimi nikaudhika. Nilifanya ushujaa mkubwa kuliko wote tangu michezo ile ianze, na mama yangu analia! Jioni ile alichukua mkeka wa Bahati, aliyezoea kulala ubavuni mwangu, akautandika upande wa pili wa nyumba.

Siku chache baadaye, asubuhi, aliniogesha vizuri, akanifunga mguu kwa kitambaa kisafi, akampeleka Bahati kwa mama Zaina. Mama Zaina alitupa ndagala za njiani na hakutuangalia usoni.

"Tunaenda wapi?" nikauliza.

"Fizi."

Fizi! Hakuna hata mmoja katika kundi letu aliyewahi kupanda mpaka Fizi. Nilikimbilia ziwani, nikajaza kinywa maji, nikarudi mbio barabarani nikiwa nimevimbisha mashavu. Mama alinitazama, akatangulia. Maji yale niliyafikisha mbali, mpaka ziwa lilipokuwa chini yetu limelala. Nikayatema njiani, nikajitangazia ushindi peke yangu.

Barabara inapanda na kujikunja, unadhani umefika kumbe umefika kwenye kona tu. Mguu uliburuta, na kila tulipopumzika mama alipiga magoti, akanigeuzia mgongo.

"Panda, mama yangu. Nikubebe."

"Mi niko na nguvu," nikajibu. Bingwa habebwi. Alinyanyuka, tukaendelea, na baada ya kona kadhaa akapiga magoti tena, nami nikakataa tena. Ningejua ninachokijua leo, ningepanda mgongo ule tangu mlangoni kwetu na kuushikilia mpaka mwisho wa njia. Tulilala kwa ndugu zake njiani, walioniwekea sahani yangu peke yangu. Kesho yake tukafika Fizi, na hatukusimama. Tukapita.

Kambini tulipokelewa na mganga, mwanamume mpole mwenye koti jeupe lililochakaa. Alinikalisha kwenye benchi, akatoa unyoya wa kuku na pini.

"Funga macho," akaniambia. "Nikikugusa, useme ndiyo."

Mchezo mwingine, nikafikiri, nikafumba macho. Aligusa shavu, nikasema ndiyo. Aligusa mkono, nikasema ndiyo. Halafu ikawa kimya. Nilingoja. Nje kuku walikuwa wanaparua, mtu alikuwa anatwanga. Nilingoja mpaka nikachoka, nikafumbua jicho moja kumwibia, nikaiona pini imesimama kwenye kisigino changu, na matone ya damu mahali pengine pengi alipokwisha kupita. Mama alikuwa amegeukia ukuta.

"Kuko dawa sasa, mama," mganga alimwambia. "Haiko sawa zamani. Lakini atabakia."

Neno "atabakia" nililielewa mara moja. Mama alinifunga kitenge chake cha pili mabegani, akaniambia nimsikilize mganga, nile vizuri, akaondoka bila kunikumbatia, kwa sababu walimkataza. Nilisimama mlangoni nikimtazama. Sikuwa na maji kinywani, wala mtu wa kushindana naye. Alipofika karibu na kona ya barabara nilifungua kinywa nikalia, kilio cha kutoka tumboni, cha mwaka mzima, mpaka wagonjwa wakatoka nje kutazama.

Akageuka. Akarudi mbio, kitenge kinamlegea, kiatu kimoja amekiacha nyuma. Aliipita mikono niliyomnyoshea, akaanguka chini na kuukamata mguu wangu.

"Iko nauma?" Alikuwa anahema, na usoni alikuwa na furaha ambayo sijaiona tena kwake mpaka alipokufa. "Feza, iko nauma? Sema! Iko nauma?"

"Hapana, mama," nikasema. "Muguu haiume. Niko nalia sababu unaniacha."

Aliuweka mguu chini taratibu. Akaufuta vumbi kwa ncha ya kitenge. Kisha akainuka na kwenda, na safari hii hakugeuka.

Nilikaa kule miaka mingi, nikameza vidonge mpaka nikapona, nikarudi Baraka, nikaolewa na mtu asiyeogopa maneno ya watu. Yote hayo nikiwa bado naamini kwamba jioni zile mama alikuwa akinifundisha kujikaza. Halafu siku moja mwanangu wa kwanza, wa umri wa kutambaa, alipita kwenye siafu nyuma ya nyumba. Alipiga yowe, akarusha miguu yote miwili, uso umekunjamana, machozi na kamasi. Majirani walikuja mbio, wakanikuta nimeketi karibu yake, mikono mapajani. Waliniita mama mbaya. Nilimwacha alie kidogo kwanza, nimsikie vizuri kwamba miguu yake inauma, ndipo nikaanza kumtoa siafu.