Kigelegele cha Mtachoka

Siku Mwanaidi aliporudi kutoka kituo cha afya na mtoto wake wa kwanza, hakuna aliyepiga kigelegele. Bajaji ilisimama uwanjani, Denis akashuka na beseni na chupa ya chai, mkewe akashuka nyuma yake na kichanga aliyefunikwa hadi utosini. Majirani waliojipanga kando ya ukuta wa matofali wakabaki wamefumba midomo. Hawakuwa na neno na mtoto. Walikuwa wakingoja. Katika ukoo wa akina Denis sauti ya kwanza ni ya bibi mzaa baba. Yeye akianza, wengine hupokea. Bibi alikuwa ndani ya tembe lake upande wa pili wa uwanja, mlango umefungwa, na kilichosikika ni upepo ukikwangua bati na watoto wa mbwa wakilia.

Bibi huyo ni Penina. Kabla ya kituo cha afya kujengwa, mikono yake ndiyo iliyowapokea wengi wa watu wanaolima mpunga leo katika kijiji kile cha Bahi. Kituo kilipokuja hakugombana nacho. Aliwaachia manesi uzazi, akabaki na yale yanayofuata: kumkanda mama kwa maji ya moto, kumwogesha mtoto na kumpaka mafuta, kumnyoosha viungo. Na kigelegele. Sauti yake ilikuwa nyembamba na kali kama waya. Aliyekuwa majarubani akiisikia aliegemea jembe na kuuliza ni nani amejifungua.

Mkwewe Mwanaidi, Penina hakumtaka tangu mwanzo. Denis alimtoa mbali, kijiji cha Kolo, wakafunga ndoa bomani, si kanisani wala msikitini, wakati Penina alikwisha kumchagulia binti wa kwaya. Siku ya ndoa hakusema kitu. Alisema baadaye, kwa njia zake. Alipojua kwamba mkwewe amekulia nyumba ya Kiislamu ambayo mbwa hakatizi uani, alikwenda kwa wafugaji, akatoa kuku, maana mbwa hapewi mtu bure, akarudi na mbwa jike mweupe mwenye sikio moja la kahawia. Akampa jina la Mtachoka.

Kila jioni alisimama katikati ya uwanja, uso ameuelekeza kwenye nyumba ya matofali, akaita, "Mtachoka! Mtachoka, njoo ule!"

Mwanaidi alielewa. Alizungushia jiko lake miiba, na siku moja akamwambia jirani yao Emilia, kwa sauti ya kufika tembeni, kuwa kwao Kolo mtu akiogopa kutukana hufuga mnyama wa kumsaidia. Denis, katikati yao, aliwasha bodaboda yake na kwenda kutafuta abiria.

Kisha Mwanaidi akashika mimba, na miezi ilipokwenda, Mtachoka naye akaanza kuburuta tumbo. Kijiji kilicheka. Penina hakucheka, kwa sababu kitu fulani ndani yake kilikuwa kimelegea, ingawa si kwa ajili ya mkwewe. Alikamua alizeti yake bora, akachuja mafuta kwenye chupa ndogo. Akachukua kanga yake ya zamani, iliyolainika kwa miaka, akaifua, akaianika juani, akaikunja ndani ya sufuria safi yenye mfuniko. Mwanaidi alipoiona akashukuru.

"Usinishukuru mimi," Penina akamjibu. "Ni vya mjukuu wangu."

Mtachoka alishikwa na uchungu mchana, katika joto lile la kabla ya mvua, wakati ardhi ya Bahi imepasuka na hata kunguru hawapigi kelele. Alijichimbia chini ya kihenge cha uwele. Penina alikuwa akipepeta; akamwona, akamwacha, kwani mnyama anajijua. Watoto wanne walitoka bila shida, mama akawalamba. Wa tano hakutoka. Mbwa alisukuma, akaacha, akasukuma tena, akaanza kuhema ulimi ukiwa umegusa vumbi, na kilichoonekana kilikuwa mkia na mguu mmoja.

Penina akaweka ungo chini.

Hakuwa na mpango wowote. Alipiga magoti, akajaribu kwa kidole, akakuta ndani kumekauka. Akaingia tembeni kutafuta mafuta, na mkono ukafika kwenye ile chupa ndogo kabla ya akili. Kanga nayo ilikuwa pale pale. Akarudi, akapaka vidole, akautafuta mguu wa pili uliokunjwa tumboni, akaunyoosha taratibu. Kisha akangoja. Aliwahi kuwaambia wasichana wengi kwamba mkunga anayevuta kabla ya uchungu anavuta kifo. Uchungu ukaja, akavuta kuelekea chini, si mbele, na mtoto akateleza nje akiwa mlegevu kama kitambaa kilicholowa.

Akapasua utando, akamgeuza kichwa chini, akampangusa pua, akamsugua kwa kanga mgongoni, kwa nguvu, akimsemesha kama alivyowasemesha wote waliochelewa kulia: haya, mgeni, usitutanie. Hakuna kitu. Akasugua tena. Mtoto akapiga chafya, akafungua mdomo wa waridi, akalia.

Koo la Penina likafanya lililozoea kufanya. Kigelegele kikatoka, kirefu, kikapita juu ya kihenge na juu ya bati la Denis, kikashuka majarubani.

Wanawake wakaja mbio. Emilia na bakuli la unga wa uji, wengine na kanga, mmoja kijembe bado mkononi, wote wakipokea kigelegele kwa vigelegele, na wote wakaelekea mlango wa nyumba ya matofali. Mlango ukafunguliwa. Mwanaidi akatoka, tumbo likiwa mbele yake vilevile lilivyokuwa asubuhi.

Sauti zikafa moja moja. Wakageuka. Wakamwona Penina amepiga magoti chini ya kihenge na mtoto wa mbwa ndani ya kanga.

Emilia ndiye aliyepata ulimi kwanza. "Hongera, bibi," akasema. "Kafanana na baba yake?"

Walicheka hadi wengine wakakaa chini. Mwanaidi hakucheka. Aliitazama kanga, akaitazama chupa iliyolala vumbini.

"Hivyo vilikuwa vya mwanangu," akasema.

Penina alikuwa na maneno mengi kifuani. Lililotoka ni moja. "Nitafua."

Kicheko cha mchana ule kiligeuka siki kabla ya Jumapili. Ilisemwa kwamba kigelegele cha mtoto kimemwagwa kwa mbwa, na heri iliyomwagika haizoleki. Mama mmoja aliyetoka kujifungua alimtuma mdogo wake amwambie Penina kuwa mtu wa kumkanda amekwisha kupatikana. Mwingine alimwambia mlangoni mtoto amelala, huku mtoto akilia ndani. Wakampa jina: Mkunga wa Mbwa. Penina naye hakukaa kimya. Kila aliyemtupia neno alikumbushwa jinsi mama yake alivyopiga mayowe siku ya kumzaa, na jinsi yeye mwenyewe alivyotoka na sura mbaya. Kwa hiyo hata waliotaka kumhurumia wakaona hawana pa kuingilia.

Mchana alikuwa na kazi. Mtachoka alishikwa na homa, chuchu mbili zikawa ngumu kama mawe. Penina akamkanda kwa kitambaa cha moto, akamnywesha uji mwembamba wa uwele. Yule wa kinyumenyume hakuwa na nguvu ya kugombea ziwa. Akamdondoshea maziwa ya mbuzi kwa ncha ya kitambaa, akampangusa tumbo kwa kidole chenye maji ya uvuguvugu ili apate kukojoa. Aligundua siku moja kwamba anapoita Mtachoka haelekezi tena uso kwenye nyumba ya matofali. Lakini jina lilikuwa lilelile, na huko ndani lilisikika vilevile.

Denis alikuja akasema mbwa waondoke kabla mtoto hajazaliwa. Mama yake akasema hawajafumbua macho. Denis akasema kuna gunia na kuna kinamasi.

"Basi anza na mimi," Penina akasema, "mimi nimekwisha kufumbua."

Mwisho alikuja Mwanaidi mwenyewe. Alisimama nje ya tembe, mkono kiunoni, akihema kwa uzito.

"Mama," akasema, "dini yangu haijaniacha bila njia. Mbwa akikulowesha, unaosha mara saba, moja kwa udongo. Osha mbele yangu, na mtoto utamwogesha wewe. Wanaosema nje nitawajibu mimi."

Ulikuwa mlango, na ulikuwa wazi. Penina aliujua kuwa ni mlango. Lakini aliwaza miaka yote ile, damu yote ile, watu wazima wanaotembea kijijini kwa sababu ya vidole hivi, na sasa asimamishwe uwanjani aoshe kama mwizi aliyekutwa na mafuta ya nyama.

"Kaoshe wewe," akasema. "Mikono yangu si michafu."

Ndipo mtoto alipozaliwa, akaletwa kwa bajaji, na uwanja ukanyamaza.

Siku zilizofuata Emilia ndiye aliyeitwa kumwogesha. Penina alisikia kila kitu kupitia ukuta wa tembe. Kilio kile alikijua: si njaa, ni tumbo lililojaa hewa, na Emilia alikuwa akimlaza chali. Alivumilia asubuhi nzima. Kisha akachukua dumu na beseni, akaenda nyuma ya tembe ambako hakuna dirisha la mtu, akafukua udongo mweusi, akaosha. Alihesabu kwa midomo bila sauti. Mara ya kwanza kwa udongo, zilizobaki kwa maji matupu, hadi saba.

Akavuka uwanja. Mwanaidi akafungua, mtoto akiwa begani.

"Ana hewa tumboni," Penina akasema. "Nipe."

Mwanaidi aliitazama mikono ile. Ilikuwa bado inadondosha maji, na chini ya kucha kulikuwa na udongo. Penina aliona kuwa ameona.

"Umeosha, mama?" Aliuliza taratibu, karibu kwa upole. "Sema tu."

Mtoto alilia. Harufu yake ya maziwa ilikuwa umbali wa mkono mmoja.

"Nilikuwa nachimba," Penina akasema.

Mwanaidi alingoja kidogo zaidi. Kisha akarudisha mlango.

Watoto wa mbwa walipoanza kula wenyewe, wafugaji walichukua wanne. Penina akahama bila kumuaga mtu. Sasa yuko Mlali, wilaya ya Kongwa, kwa mdogo wake Restuta. Analima alizeti, na ana mbwa wawili: Mtachoka na yule aliyetoka kinyumenyume. Mjukuu wake anaitwa Mishi, ameanza kutembea, na Penina hajawahi kumshika.