Fundi wa Boila
Kwa mara ya tatu wiki hiyo ya theluji, fundi wa boila alipiga magoti jikoni kwa Enid Hargreaves mbele ya mtambo huo wa kupasha nyumba joto kwa maji moto, akagonga kipimo chake kwa ukucha, akaguna. Kila akija hufanya hivyo, hufungulia maji mpaka mshale upande, kisha huaga. Asubuhi mume wa Enid, mgonjwa wa kifua, huamka akitetemeka, nyumba imepoa tena.

“Presha ya maji imeshuka tena, mama.”

“Hilo naliona hata mimi. Maji yanakwenda wapi?”

Safari hii fundi alitambaa chumba hadi chumba, akipapasa chini ya kila kipasha joto, mpaka nyuma ya kochi vidole vikatoka vimelowa. Akaketi sakafuni, akivitazama.

“Siku zote nilijaza tu, sikutafuta,” alisema. “Kosa langu.”

Enid, aliyeyapanga maneno makali tangu alfajiri, hakupata pa kuyaanzia.