Leso Niliyomfunga Wafula

Mwanangu, jana nilipita uwanjani nikakusikia ukimwita mwenzako mvivu huku wengine wakicheka, eti homa ilimtoka wiki mbili zilizopita na bado anaomba kupumzika. Sauti ile naijua, wakati mmoja ilikuwa yangu.

Nilikuwa nahodha wa ngumi pale ukumbi wa Kaloleni, kijana wa kifua mbele, mdomo haufungiki. Rafiki yangu Wafula alikuwa ametoka kuugua mafua, yale makali ya kumlaza mtu siku kumi. Akarudi mazoezini, lakini akiruka kamba kidogo tu anashika ukuta. Aliniambia moyo unamwenda mbio hata akipanda ngazi. Nami, bila haya, nikawatangazia wenzetu kwamba anamwogopa mpinzani wake wa Jumamosi.

Tulikuwa na mchezo wetu wa kijinga: anayekwepa mazoezi anafungwa leso ya kike kiunoni, achekwe mpaka amalize raundi zake. Nilichukua leso ya mama nyumbani, nikamfunga kwa mikono hii hii. Tulicheka sana. Wafula alivaa glavu, akapigana raundi ya kwanza, ya pili, na katika ya tatu akaanguka bila kuguswa na mtu.

Hospitalini daktari alisema homa iliondoka, lakini virusi viliacha msuli wa moyo umevimba, na raundi zile zikazidisha uvimbe. Alipona kiasi, namshukuru Mungu. Ila ngumi hakupigana tena, na ndiye aliyekuwa akitushinda sote.

Baada ya miezi miwili alikuja kwetu polepole, akipumzika njiani, kurudisha leso. Alikuwa ameifua na kuikunja. Mama akataka kujua ilimfikiaje, nikalazimika kusema.

"Leso hii ndiyo niliyokubebea mgongoni ukiwa na homa," akaniambia. "Wewe umemfungia mgonjwa umcheke?"

Sasa nimezeeka. Tukikutana sokoni Gikomba, Wafula hunisalimia vizuri tu, nami naona aibu, natazama chini.

Basi nenda leo kwa mwenzako, umwombe msamaha mbele ya wale waliocheka. Mwambie apimwe moyo kabla ya kukimbia, apumzike mpaka daktari amruhusu, na nafasi yake mmwekee. Nawe ukiugua, usifiche. Mungu akupe pumzi ndefu, mwanangu, na akujalie uzee wa kumtazama rafiki yako machoni.